Nani Ageuze Karatasi?

Leo nina neno na watu wanaochapisha vitu vikubwa: wasanifu wa majengo, wapima ardhi, wanafunzi wa uhandisi wenye miradi ya mwisho wa mwaka, wenye mabango, na zaidi ya wote vijana wa steshenari wanaoshinda na zile mashine pana tunazoziita plota, wakipokea flashi za wateja kutwa nzima. Shida yenyewe wote wanaijua. Mchoro unatoka umelala ilhali ulitakiwa usimame, au umesimama vizuri kabisa lakini robo yake haipo. Mteja anamtazama kijana, kijana anaitazama mashine, na karatasi iliyoharibika inangoja mtu wa kuilipia.

Nianze na lalamiko ambalo si kosa. Mteja amesimama mbele ya plota, anaona ramani ya nyumba yake inatoka kiubavu, majina ya vyumba yote yameanguka upande. Anapaza sauti: "Dogo, zima hiyo, unaniharibia ramani!" Kijana kwa hofu anabonyeza kitufe cha kughairi, na hapo ndipo ramani inapoharibika kweli. Laiti wangevumilia kidogo kisu cha plota kipite, mteja angeiokota karatasi yake, akaigeuza kwa mikono, akaisoma bila tatizo lolote. Karatasi iliyokwisha kukatwa haina juu wala chini mpaka msomaji aishike. Anayejali imelala au imesimama ni rolo la karatasi lililo ndani ya mashine, na rolo linajali kwa sababu ya upana wake.

Tupige hesabu kidogo, na aliye na kalamu aandike. Karatasi ya A1, ambayo ndiyo inayotumika sana kwa ramani za majengo, ina milimita 594 upande mfupi na milimita 841 upande mrefu. Ramani ya jengo kwa kawaida huchorwa ikiwa imelala, yaani upande mrefu unakwenda kushoto na kulia. Sasa plota ndogo hubeba rolo la inchi 24, ambazo ni milimita 610. Milimita 841 hazipiti kwenye 610, hata ukimwomba nani. Kwa hiyo ni lazima mtu au kitu kiigeuze ramani robo ya mduara ili ule upande wa 594 ndio uvuke rolo, na ule mrefu ufuate urefu wa rolo. Ile ramani iliyotoka kiubavu ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Kwenye plota kubwa kidogo, yenye rolo la inchi 36 au milimita 914, A1 inapita kokote utakakoigeuzia, na hapo ndipo pesa zinapopotea kimyakimya. Chukua rolo la mita 50. Ukipitisha upande mrefu kuvuka rolo, kila ramani inakula milimita 594 za urefu, na unapata ramani 84. Ukipitisha upande mfupi, kila moja inakula milimita 841, na unapata 59. Rolo ni lile lile, wino ni ule ule, ila umetupa karatasi za ramani 25, na mabaki meupe ya upana wa zaidi ya kiganja yamejaa kwenye ndoo ya taka. Nimeona maduka ambayo kila siku yanachapa A1 kwenye rolo la inchi 36 kwa njia hiyo ya hasara, na mwenyewe analalamika karatasi imepanda bei. A0 haina mjadala huo: ina milimita 841 kwa 1189, kwa hiyo kwenye inchi 36 inapita njia moja tu.

Na hapa niseme jambo la pembeni. Vipimo vya A tunavyotumia ni vya milimita, vilianzia Ujerumani mwaka 1922, lakini marolo mengi tunayonunua yamepimwa kwa inchi za Marekani. Inchi 24 kwa 36 ndiyo hasa karatasi ya msanifu wa Kimarekani. Ndiyo maana programu ikiwekwa kwenye kompyuta na setingi za Marekani, inaweza kukuchagulia karatasi hiyo bila kukuuliza, wakati mchoro wako ni A1. Tofauti kwenye upana ni milimita 16 tu, jicho halioni, ila kwenye urefu inafika milimita 73. Ukiona ukingo mweupe usioelewa umetoka wapi, angalia hapo kwanza.

Turudi kwenye kugeuza. Mchoro kabla haujafika kwenye karatasi hupita mikono minne, na kila mkono unaweza kuugeuza. Mkono wa kwanza ni programu iliyouchora. Fungua AutoCAD, nenda sehemu ya kuchapa, utakuta A1 imeorodheshwa mara mbili: moja ni 841 kwa 594, nyingine ni 594 kwa 841. Pembeni yake kuna tena pa kuchagua wima au mlalo, na pa kuugeuza mchoro juu chini. Matokeo yanategemea mchanganyiko wa hayo yote, na wachoraji wengi wanaacha yale waliyoyakuta.

Mkono wa pili ni faili lenyewe la PDF. Hili ndilo linalowasumbua watu wengi, kwa sababu halionekani. PDF huweza kubeba mchoro uliolala upande, halafu ikabeba kando yake agizo dogo linalosema: huyu mwonyeshe akiwa amegeuzwa nyuzi 90. Kwenye kioo cha kompyuta unaona ramani iliyonyooka. Programu inayoheshimu agizo hilo itaichapa imenyooka. Inayolipuuza itaichapa ilivyo ndani. Faili moja, maduka mawili, matokeo mawili, na kila duka linaapa kwamba halikugusa kitu. Tena kuna wateja wanaofungua faili kwenye simu, wanaliona limelala, wanabonyeza kugeuza, wanaridhika. Programu nyingi za kusomea zinageuza mtazamo tu. Faili limebaki kama lilivyokuwa.

Mkono wa tatu ni draiva, ile programu inayoiunganisha kompyuta na mashine. Ina wima na mlalo wake, ina kugeuza nyuzi 90, ina kugeuza yenyewe, na ina lile chaguo la hatari la kupunguza mchoro uenee kwenye karatasi, ambalo nitalirudia. Mkono wa nne ni mashine yenyewe. Plota nyingi za siku hizi zina menyu yao, na humo kuna amri ya kugeuza mchoro endapo kugeuza kutaokoa karatasi.

Kila mmoja wa hawa wanne alitengenezwa kwa nia njema, na kila mmoja anafanya kazi kana kwamba yuko peke yake. Programu imeshageuza, draiva inageuza tena, mchoro unarudi ulikotoka, mashine inaona hautoshi, inaukata. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Halafu anakuja nahodha wa tano, ambaye ni kijana wa watu mwenye foleni ya wateja, anabadilisha setingi mbili kwa mpigo. Ikitoka sawa hajui ni ipi iliyosaidia, na kesho anaanza upya.

Kwa hiyo, ndugu fundi, kabla hujagusa setingi yoyote, chukua rula. Karatasi iliyoharibika inasema yenyewe ni mkono upi uliokosea, ukijua kuisoma.

Tuseme imetoka A1 ambayo mchoro wake umekatwa upande wa kulia, na chini kumebaki eneo jeupe tupu. Pima eneo hilo jeupe. Likiwa karibu milimita 247, umepata jibu, kwa sababu 841 ukitoa 594 unabaki na 247: kilichopotea kulia ndicho kilichobaki wazi chini. Maana yake karatasi imewekwa isimame na mchoro ndani yake umelala. Hawa wawili hawakukubaliana, na ugomvi wao ulianza ndani ya kompyuta, kwenye programu, kwenye PDF au kwenye draiva. Mashine haina kosa, iache. Kama programu iliuweka mchoro katikati, hasara hugawanyika kushoto na kulia, na weupe hugawanyika juu na chini, lakini ukijumlisha utapata ile ile 247.

Tuseme tena mchoro umekatwa, lakini chini hakuna weupe wowote. Karatasi imetoka fupi, milimita 594, na kilichopotea kulia ni kama milimita 231 au zaidi kidogo kwa sababu ya ukingo. Hapo karatasi na mchoro walielewana, wote wamelala, ila hakuna aliyewageuza wapite kwenye rolo la inchi 24. Kosa hili liko mwishoni mwa njia: ama kugeuza kwenyewe kumezimwa, ama draiva inaamini mashine ina rolo la inchi 36 wakati jana jioni mtu alibadilisha akaweka la 24. Draiva nyingi hazijui rolo limebadilishwa mpaka uziambie ziulize mashine.

Na mara nyingi kinachokatwa ni kile ambacho mteja alikifuata. Wasanifu huweka maelezo ya mradi upande wa kulia au pembe ya chini kulia: jina la mwenye kiwanja, skeli, tarehe, namba ya mchoro, jina na mhuri wa mbunifu. Milimita 231 zikiondoka kulia, sebule ipo, choo kipo, ngazi zipo, ila mhuri haupo. Afisa wa halmashauri anayekagua maombi ya kibali cha ujenzi anaanza kuangalia pembe hiyo hiyo.

Ukishindwa kusoma karatasi, fanya jaribio. Chora fremu yenye umbali wa milimita 10 kutoka kila ukingo, ndani yake weka herufi kubwa F na mshale unaoelekea juu. F ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu haifanani na yenyewe ukiigeuza upande wowote, na kama mashine imechapa kinyume, kama inavyofanywa kwa karatasi ya plastiki inayosomwa kwa nyuma, F itakuambia papo hapo. Chapa kwenye karatasi ya bei rahisi. Zima kugeuza kwenye draiva, zima kwenye mashine, uone faili likiwa tupu linatokaje. Kisha washa mahali pamoja tu.

Mahali gani? Hapa ndipo penye neno langu la leo. Faili linapaswa kumfuata msomaji. Kama ramani inasomwa imelala, basi faili lilale, liwe na milimita 841 kwa 594 kwenye sifa zake, na agizo la kugeuza lisiwemo. Mchoraji asihangaike kukisia rolo la duka asilolijua. Kugeuza kwa ajili ya rolo ni kazi ya anayelijua rolo, na anayelijua kwa hakika ni mashine, kwa kuwa ndiyo imelibeba na kulipima. Kwa hiyo programu isigeuze, draiva isigeuze, mashine ndiyo igeuze.

Wapo watakaonipinga kwamba mashine yao ya zamani inagoma. Ni kweli, na sababu yake inajulikana. Enzi za plota za kalamu jambo hili lilikuwa jepesi: lugha ya HP-GL ilikuwa na amri ya RO, ukiandika RO90 kalamu inachora kila mstari ukiwa umegeuka robo ya mduara, na mashine haikuhitaji kukumbuka chochote zaidi ya mstari uliopo. Kisha zikaja mashine za wino, HP wakatoa DesignJet ya kwanza mwaka 1991, na mchoro ukawa unachapwa kwa nukta. A1 moja kwa nukta 600 kwa kila inchi ina nukta karibu milioni 279. Picha ya rangi ya ukubwa huo, bila kubanwa, inakaribia megabaiti 840, na kuigeuza kunataka nafasi ya kuishika yote. Mashine yenye kumbukumbu ndogo haiwezi, kwa hiyo mwachie draiva kazi hiyo, kisha uzime ile ya mashine. Mradi mgeuzaji awe mmoja.

Sasa lile chaguo la kupunguza mchoro uenee. Kwangu hili ni baya kuliko ramani iliyokatwa, kwa kuwa iliyokatwa inajitangaza na mteja anaikataa palepale. Hii inatoka nzima, safi, mhuri upo, fremu ipo, ila karatasi iliposimama na mchoro ukalala, programu iliusinyaza utoshe: kutoka upana wa 841 hadi 594, karibu asilimia 71 ya ukubwa wake. Pembeni pameandikwa skeli 1:100, na sasa ni uongo. Ni karibu 1:141. Chumba cha mita 4 kilipaswa kuwa na milimita 40 kwenye karatasi, sasa kina milimita 28. Fundi aliyeko saiti, mwenye rula yake ya skeli, anapima anapata mita 2 na sentimita 80. Fundi mzoefu hufuata vipimo vilivyoandikwa na hapimi karatasi, lakini si kila kipimo huandikwa, na si kila fundi ni mzoefu. Wasanifu wekeni mstari wa skeli kwenye kila mchoro, ule uliogawanywa kwa mita, kwa sababu karatasi ikisinyaa nao unasinyaa na hausemi uongo. Na nyie wa steshenari, ukubwa uwe asilimia 100 siku zote mpaka mteja aseme vingine kwa kinywa chake.

Wenye mabango nao wana shida hii, ila kwao ni nyepesi. Mashine zao zinafika mita 1.6 hadi mita 3.2 kwa upana, na programu inayopanga kazi inamwonyesha fundi kila bango limekaaje kwenye turubai kabla wino haujadondoka. Bango la mita 4 kwa mita 1 linageuzwa ile mita 1 ivuke, linatoka. Skeli haiwahusu. Wajihadhari tu na kazi zilizopangwa pamoja: bango moja likigeuzwa na jirani yake asigeuzwe, mkataji mwenye haraka atapiga matundu ya kamba upande usiotakiwa.

Limebaki la malipo, maana najua mnaligombania. Kwa maoni yangu, kama mteja ameleta PDF yenye ukubwa sahihi na duka halikumwonyesha mchoro kwenye kioo kabla ya kuchapa, karatasi iliyoharibika ni ya duka. Dakika moja ya kuonyeshana ingetosha. Lakini mteja aliyeleta picha ya ramani iliyopigwa kwenye simu, ikapitishwa WhatsApp kama picha ikasinyazwa na kupoteza vipimo vyake, halafu anataka A1 yenye skeli sahihi, huyo alipe na ashukuru wamemhudumia. WhatsApp inakuruhusu kutuma faili kama hati, na likitumwa hivyo linafika kama lilivyo.

Kwa hiyo mchoraji, kabla hujatuma kazi, pigia duka uulize rolo lililomo lina inchi ngapi, na uandike kwenye ujumbe: A1, imelala, asilimia 100. Nanyi wenye maduka, andikeni kwa kalamu nene, 24 au 36, mbandike kaunta mahali mteja anapoegemea, na mbadilishe kibandiko hicho kila mnapobadilisha rolo.